Uchungu, Ukali na Nguvu: Kuihakiki Bia Moja Iliyofika Rejaf

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha methali hii miaka nenda miaka rudi, na aghalabu tumeieleza kuwa ni onyo kwa mgema, asije akalewa sifa. Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuutaji sana. Ikiwa mgema hulitia maji tembo kwa sababu ya kusifiwa, basi msifu naye ana sehemu yake ya lawama, kwani alisifu bila ya kupima, au alipima kwa kipimo kisichofaa. Mnywaji anayeweza kusema kwamba tembo la jana lilikuwa tamu lenye uchachu kidogo, na kwamba la leo limepooza, huyo hadanganyiki kwa urahisi. Kwa hiyo methali hii, ambayo tumezoea kuihesabu miongoni mwa methali za maadili, ni methali ya uhakiki vilevile.

Makala haya yanakusudia kuhakiki kitu ambacho si kawaida kuhakikiwa katika jarida la walimu, nacho ni bia: bia yenye nguvu nyingi na uchungu mwingi, ya aina inayotengenezwa na mafundi wa viwanda vidogo. Yafaa ieleweke mapema kwamba wako miongoni mwetu wasiogusa kileo, ama kwa dini ama kwa hiari yao, na mwandishi hana nia ya kuwashawishi. Jambo linalotuhusu sote, wanywaji na wasiokunywa, ni hili: je, Kiswahili chetu kinaweza kukipima kitu cha ulimi na pua, na kutoa hukumu ambayo mtu mwingine aweza kuifuata, kuikubali au kuipinga kwa hoja?

Kwa nini Rejaf

Rejaf, ulio kusini ya Juba kando ya Bahr el Jebel, una nafasi yake katika historia ya lugha. Mwezi wa Aprili 1928 ulifanyika hapa mkutano wa lugha ulioitishwa na serikali ya Sudan ya wakati ule, ukahudhuriwa na wamisionari, maofisa na mtaalamu wa lugha za Kiafrika, Diedrich Westermann. Mkutano huo uliteua lugha za makundi za kutumiwa katika shule za Kusini: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilotuko, Kishiluk na Kizande. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, mkutano mwingine ulifanyika Mombasa, nao ukaichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Miezi miwili tu iliitenganisha mikutano hiyo, na yote miwili ilishughulikia tahajia, vitabu na shule.

Leo njia hizo mbili zimekutana. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, na mwaka 2016 ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili kinabisha hodi. Hatari iliyopo, kwa maoni ya mwandishi, ni kwamba kitaingia kwa mlango wa ofisi peke yake: lugha ya fomu, ya forodha na ya hotuba. Lugha inayojua kutaja ushuru wa shehena lakini haijui kutaja ladha ya kilichomo ndani ya shehena hiyo itabaki kuwa mgeni barazani, hata ikipewa cheo gani bungeni. Ndiyo sababu nimechagua chupa badala ya kitabu.

Bia yenyewe na asili yake

Bia ninayoihakiki ilinunuliwa Kampala, ikapita mpaka wa Elegu na Nimule, ikafika Juba na hatimaye Rejaf. Jina la kiwanda silitaji, kwa sababu chupa chache hazitoshi kukisifu wala kukishutumu kiwanda, na kwa sababu kurasa za walimu si mahali pa matangazo. Yatosha kusema kwamba ni ya jamii ya India Pale Ale, ambayo wanywaji huiita IPA kwa kifupi, na ni ya daraja lake la juu kwa nguvu. Kibandiko kinataja asilimia 8 ya kileo. Viwanda vidogo vya namna hii vimeanza kuonekana Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali, na wateja wao wengi ni watu wa mjini wenye mishahara.

Hatuwezi kuihukumu bia hii bila ya kujua inadai kuwa nini, kama vile tusivyoweza kuuhukumu utenzi kwa kanuni za riwaya. Mwishoni mwa karne ya 18, George Hodgson wa kiwanda cha Bow, London, aliwauzia manahodha wa meli za India bia iliyotiwa hopi nyingi. Hadithi inayopendwa husema kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Lakini kanuni ya kuongeza hopi katika bia ya kupelekwa nchi za joto ilikuwa inajulikana kwa watengenezaji wengi, kwani hopi huizuia bia isichache upesi. Katika miaka ya 1820 watengenezaji wa mji wa Burton waliingia katika biashara hiyo, wakisaidiwa na maji yao yenye chumvi za jasi ambayo huufanya uchungu uwe mkavu na wa wazi.

Sura ya pili ya historia hii ni ya Marekani. Mwaka 1972 wakulima wa huko walipewa aina mpya ya hopi iitwayo Cascade, yenye harufu inayofanana na ganda la balungi. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kiliitumia katika bia yake ya Liberty Ale mwaka 1975, na Sierra Nevada wakaifuata katika bia yao ya mwaka 1980. Mwaka 1994 Vinnie Cilurzo, katika kiwanda kidogo cha Blind Pig huko California, akaongeza hopi na kimea kupita kiasi kilichozoeleka, na kutoka hapo ikatoka jamii ya IPA maradufu, ambayo chupa yetu ni mjukuu wake.

Hapana budi tueleze pia jinsi uchungu huo unavyopatikana, maana ndani yake ndimo ulimo ufunguo wa hukumu. Hopi ni maua ya mmea jike unaotambaa, nao hustawi katika nchi zilizo mbali na Ikweta, ambako siku za kiangazi ni ndefu. Barani Afrika hulimwa kusini kabisa, karibu na mji wa George katika Afrika Kusini. Ndani ya ua mna unga wa manjano wenye vitu viwili: asidi za uchungu na mafuta ya harufu. Asidi hizo hazitoi uchungu wake sawasawa mpaka zichemshwe kwa muda mrefu, kiasi cha saa nzima. Mafuta nayo, kinyume chake, hupotea na mvuke. Kwa hiyo fundi hutia hopi kwa awamu: za kwanza chunguni zichemke na kutoa uchungu, za mwisho moto ukikaribia kuzimwa, na nyingine baada ya bia kupoa na kuumuka, ili harufu ibaki. Uchungu huhesabiwa kwa miligramu za asidi iliyogeuka katika kila lita. Bia nyingi za kawaida za viwanda vyetu vikubwa ziko chini ya 25. Jamii hii ya maradufu huanzia 60 hata kufikia 100.

Hukumu

Waamuzi wa bia huko Marekani, ambao walianzisha mpango wao wa mitihani na mashindano mwaka 1985, hutumia alama 50 zilizogawanywa hivi: harufu 12, sura 3, ladha 20, mwili wa kinywaji 5, na jumla 10. Nimeutumia mgawanyo huo kwa kuwa unaeleweka kwa mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha, ingawa hatulazimiki kuukubali milele. Bia ilinywewa katika bilauri safi, ikiwa baridi ya kadiri na si ya barafu, kwani ubaridi mkali huufisha ulimi na kuizuia harufu isipande.

Ama kuhusu sura, bia hii haina kasoro. Rangi yake ni ya asali iliyokomaa, yenye ukungu mwepesi. Povu ni jeupe na zito, linakawia, na bia inaposhuka huacha utando ukutani mwa bilauri. Alama 3.

Ama kuhusu harufu, hapo ndipo mashaka yanapoanza. Bia ya namna hii ikiwa mpya hunukia balungi, embe na utomvu wa msonobari, na harufu hiyo humfikia mtu kabla hajainua bilauri. Hii ilinukia ganda la chungwa lililokauka, majani ya chai yaliyokaa kopo wazi, na kwa mbali karatasi iliyolowa. Harufu ya mwisho ndiyo shahidi mkubwa. Bia iliyoingiwa na hewa, kisha ikakaa katika joto, hutoa harufu hiyo ya karatasi, na kadiri joto linavyozidi ndivyo uharibifu unavyokwenda kasi. Wasomaji wa Juba hawahitaji kuelezwa habari za joto: Machi 2024 serikali ilifunga shule zote za nchi kwa sababu yake. Chupa ilikuwa ya rangi ya kahawia, nayo iliizuia bia isiharibiwe na mwanga. Lakini hakuna rangi ya chupa inayozuia joto la gari la mizigo. Alama 5 katika 12.

Ama kuhusu ladha, mambo ni mazuri zaidi. Mwanzo ni utamu wa kimea, unaokaribia sukari guru. Utamu huo haudumu. Uchungu huingia katikati ya kinywa, ukiwa wa wazi na ulionyooka, ukaendelea baada ya kumeza kwa muda wa mtu kuhesabu hadi 20 au zaidi. Uchungu huu ni kazi ya fundi anayejua kazi yake. Lakini mwishoni huja kitu kingine kisichokuwa uchungu: fizi hukazika na ulimi ukawa kama umeparuzwa, mithili ya mtu aliyekula bibo au ndizi mbichi. Huo ni ukakasi, na katika bia hii umezidi, pengine kwa sababu maua ya hopi yaliachwa yakae muda mrefu mno ndani ya bia. Alama 13 katika 20.

Ama kuhusu mwili, kinywaji ni kizito bila ya kuwa uji, na gesi yake ni ya kiasi. Kileo cha asilimia 8 kinajulikana kwa joto dogo kooni tu. Alama 4. Kwa jumla, nikiuliza kama sehemu hizo zimeshikamana zikawa kitu kimoja, nasema zimeshikamana nusu: kinywa kinaahidi jambo ambalo pua imekwisha kulisahau. Alama 5 katika 10. Jumla ni 30 katika 50.

Huenda msomaji akauliza: je, ni haki kumnyima fundi wa Kampala alama za harufu kwa kosa la barabara na jua? Swali hili si dogo, na wahakiki wa fasihi hulijua. Wengine watasema tuihukumu bia kama ilivyokuwa siku ilipotiwa chupani. Mwandishi hakubali. Mtahini husahihisha karatasi iliyo mbele yake. Hasahihishi karatasi ambayo mwanafunzi angaliweza kuiandika asingaliugua. Aweza kuandika pembeni sababu ya udhaifu, na hiyo ni haki ya mwanafunzi. Lakini alama hubaki. Bia inayonywewa Rejaf ihukumiwe Rejaf.

Na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Jamii hii ya bia ilipata sifa yake kwa kusafiri: iliivuka Ikweta mara mbili ndani ya matumbo ya meli, ikafika India ikiwa nzima. Chupa yetu, ambayo imerithi jina la bia hiyo, haikuweza kuvumilia safari ya kutoka Kampala. Sababu ni kwamba ile ya zamani ilitegemea uchungu, na uchungu hudumu. Hii ya sasa inategemea harufu, na harufu ndiyo inayotangulia kufa. Fundi amerithi jina akaacha kanuni. Huo ndio udhaifu wa msingi, nao si wa barabara peke yake.

Neno "kali"

Nilipowapa wenzangu watatu waionje bia hiyohiyo, wote watatu walisema neno moja: kali. Nilipowauliza maana yake, majibu yakawa matatu. Wa kwanza alikusudia uchungu; wa pili alikusudia kwamba inalevya upesi; wa tatu alikusudia ule ukakasi wa mwisho. Neno moja limebeba mizigo mitatu, na wasemaji walidhani kwamba wamekubaliana.

Kiswahili hakina umaskini katika uwanja huu. Ni sisi tunaokitumia kimaskini. Tunalo neno uchungu, pamoja na mifano yake ya shubiri, nyongo na mwarobaini. Tunalo uchachu, wa ndimu na ukwaju na togwa iliyolala. Tunalo ukakasi, neno ambalo lugha kadhaa kubwa zingetuonea wivu, maana hutaja jambo ambalo si ladha hasa bali ni mguso wa kinywa. Tunao muwasho wa pilipili na tangawizi. Kwa kileo napendekeza tutumie nguvu, na neno ukali tuliache litumike pale tu tunapokusudia mchomo wa jumla usiochambulika. Basi bia hii ni chungu sana, ina nguvu nyingi, ina ukakasi kupita kiasi, na haina uchachu wala muwasho. Sentensi hiyo moja imesema mambo matano, na kila moja laweza kubishaniwa peke yake.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya anasa ya maneno. Hesabu ifuatayo yaweza kumjibu. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 8 ina mililita 26.4 za kileo kitupu. Chupa ya nusu lita ya Tusker, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Chupa ndogo imeipita chupa kubwa, wala ulimi hautamwonya mnywaji, kwa kuwa uchungu wake unatokana na hopi na hauhusiani na nguvu. Ipo bia chungu isiyo na nguvu, na vipo vileo vitamu vinavyomwangusha mtu. Mwenye kulitumia neno moja kwa mambo yote mawili hana kipimo cha kujilinda.

Tena lipo jambo zito zaidi. Pale ambapo neno pekee la sifa ni kali, kinywaji bora huwa ni kile kinacholewesha kwa haraka na kwa bei ndogo. Huo ndio uliokuwa msingi wa soko la viroba, ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku Machi 2017. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa sumu ya methanoli. Simaanishi kwamba msamiati ungaliwaokoa. Umaskini na tamaa ya wauzaji ndizo zilizoua. Lakini jamii iliyozoea kukipima kinywaji kwa mwungurumo wake kichwani huwa imempunguzia muuzaji wa sumu kazi ya kujificha.

Kwa upande wa nchi hii kuna sababu ya kihistoria. Septemba 1983 serikali ya Nimeiry ilitangaza sheria zilizopiga marufuku kileo, na mjini Khartoum shehena za vinywaji zikamwagwa katika Nile. Kinywaji kinachofichwa hupendelewa kiwe kidogo na chenye nguvu, ili kibebeke. Ndivyo araki inavyoishinda merisa kila panapokuwa na marufuku. Tena kinywaji kinachofichwa hakihakikiwi. Watu hawaketi wakajadili ladha ya kitu ambacho hawatakiwi kuonekana nacho. Miaka ya namna hiyo huacha alama katika lugha kama inavyoacha katika mambo mengine.

Uchungu si wa kigeni

Imezoeleka kusemwa kwamba bia chungu ni mambo ya Wazungu, na kwamba ulimi wa Mwafrika hupenda utamu na uchachu tu. Bia za asili za pande hizi zaweza kudhaniwa kuunga mkono usemi huo. Merisa ya mtama ni chachu. Kwete, inayopikwa na jamaa za Wakakwa, Walugbara na majirani zao kwa unga wa mahindi uliochachushwa ukakaangwa, kisha ukachanganywa na kimea, ina uchachu pamoja na harufu nzuri ya kuungua. Uchungu ndani yake ni mdogo.

Lakini tukitazama mbali kidogo usemi huo huanguka. Wachaga wa Kilimanjaro hupika mbege kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na ndani yake hutia gome la msesewe ili kuupa utamu wa ndizi uchungu wa kuusawazisha. Wahabeshi hutia majani ya gesho katika tela, na mti huo hufanya kazi ileile inayofanywa na hopi huko Ulaya: hutia uchungu, na husaidia kinywaji kisiharibike. Hawa hawakujifunza kwa Hodgson. Fauka ya hayo, kwenye meza zetu za chakula tunazo nyanya chungu, mchunga na mnavu, na wala hatuviiti vyakula vya kigeni. Kwa hiyo anayeikataa bia hii na aikatae kwa kuionja, si kwa kusingizia asili yake.

Funzo la pili ni la uchumi. Juba iliwahi kuwa na kiwanda kikubwa cha bia, Southern Sudan Beverages, tawi la kampuni ya SABMiller, kilichofunguliwa mwaka 2009 na kutengeneza bia ya White Bull. Mwaka 2016 utengenezaji wa bia ulisitishwa kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni. Bia inayotegemea vitu vya kuagizwa husimama fedha za kigeni zinapokauka. Nchini Uganda, Nile Breweries walianza mwaka 2002 kutengeneza Eagle Lager kwa mtama wa wakulima wa nchini, na bia hiyo ikapata soko kubwa. Mtama si mgeni kando ya Bahr el Jebel. Kinachokosekana katika kanuni hiyo ni hopi peke yake, nazo hazikui hapa. Lakini msesewe na gesho ni miti ya Afrika Mashariki. Fundi atakayekuwa na ujasiri wa kutengeneza bia chungu yenye nguvu kwa mtama na uchungu wa miti yetu, akaitegemeza juu ya uchungu na si juu ya harufu inayokufa njiani, huyo atakuwa ameirudia kanuni ya kwanza ya bia ya India kwa maana yake halisi: kinywaji kilichotungwa kwa ajili ya joto la mahali kinapokwenda.

Wajibu wa mwalimu

Mwalimu hawezi kupeleka bia darasani, wala hatakiwi. Lakini kila mwalimu aweza kupeleka pera bichi, ukwaju, ganda la balungi, tangawizi na chai isiyotiwa sukari. Wanafunzi na waonje, kisha kila mmoja aandike sentensi moja kwa kila kitu, neno kali likiwa limekatazwa. Nimelijaribu zoezi hili na darasa la wanafunzi wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya tatu au ya nne. Kwanza walikwama. Baadaye wakaanza kuulizana maneno kwa Kibari na kwa Kiarabu cha Juba, wakilinganisha, na mwisho ubishi ukawa mkubwa juu ya kama pera bichi lina uchungu au ukakasi. Darasa linalobishana juu ya jambo hilo kwa Kiswahili limekwisha kuingia katika lugha. Limeacha kusimama mlangoni.

Zoezi hilo pia ni maandalizi ya uhakiki wa fasihi. Mwanafunzi anayeandika kwamba shairi "ni zuri na linafundisha" anafanya kosa lilelile la anayesema kwamba bia ni kali: ameeleza kwamba kitu kimempata, lakini hajaeleza ni kitu gani. Fani na maudhui tunayomdai ayachambue yanahitaji kwanza mazoea ya kutenganisha. Mazoea hayo hayaanzi kitabuni.

Limebaki swali la mnunuzi, na mhakiki asilikwepe: je, bia hii inunuliwe? Akiwa Kampala, na chupa haijamaliza mwezi, naamini yafaa ijaribiwe, polepole, pamoja na nyama ya kuchoma yenye mafuta, ambayo yataupunguza ule ukakasi. Akiwa Juba au Rejaf, asiinunue kwa bei inayotozwa sasa, ambayo ni ya bia mpya, ilhali anauziwa nusu yake. Na mwenye duka atakapomwambia kwamba bia hii ni kali, na amwulize: kali kwa lipi?